Vampaya Aliyesahau Kupiga Hodi

Binti wa kaka yangu, anayesoma chuo Dodoma, alinitumia ujumbe usiku mmoja: "Shangazi, hiki utakesha nacho." Kweli nilikesha. Nilikesha nikihesabu makosa.

Ilikuwa riwaya ya mapenzi ya vampaya, kwa Kiingereza, kazi ya mwandishi wa Marekani aliyejichapishia mwenyewe. Bei dola 3.99, unaisomea kwenye simu. Jina la kitabu nitalifungia kabatini pamoja na la mwandishi. Mtu aliyekaa mwaka mzima akaandika kurasa mia nne hastahili kuanikwa na mwanamke aliyemsoma kwa jioni mbili akiwa amejilaza. Lakini hela ilinitoka, usingizi ukanitoka, na mimi ni mtu niliyesoma prufu kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nina haki ya kusema kilichoniudhi. Hakikuwa jalada, wala tahajia. Ulikuwa mlango.

Sura ya 2, shujaa anamweleza msichana sharti la watu wa jinsi yake: hawaingii nyumbani mwa mtu mpaka mwenyewe atamke karibu. Niliirudia sentensi hiyo kwa furaha. Msomaji aliyelelewa kwenye nyumba ya hodi hahitaji maelezo zaidi. Sura ya 5, usiku wa manane, msichana amelala, na yule bwana ameketi kitini pembeni mwa kitanda, anamtazama. Kaingiaje? Dirishani, kitabu kinasema. Nani kamkaribisha? Nikarudi nyuma kurasa ishirini nikidhani simu imeruka. Haikuruka. Mwandishi alisahau.

Toka hapo nikageuka mkaguzi, na ukishageuka mkaguzi raha ya hadithi imekwisha. Wapo watakaosema: kitabu cha vampaya cha dola nne, ulitegemea nini? Nilitegemea ufundi. Kanga ya bei rahisi nayo tunaigeuza dukani tuone kama pindo limenyooka na jina linasomeka. Hakuna anayemwambia mnunuzi eti anyamaze kwa kuwa hajanunua hariri. Hadithi hizi nazipenda, na kwa sababu nazipenda nimejifunza kuzigeuza. Ninavyofanya ni hivi.

Jalada silipi muda. Majalada mengi ya waandishi wanaojichapishia hununuliwa yakiwa tayari, jina la kitabu linapachikwa tu, ndiyo maana utamkuta kijana yule yule aliyeacha vifungo wazi kwenye vitabu vitatu vya waandishi watatu. Jalada baya limewahi kunipa kitabu kizuri. Kionjo cha bure ndicho chenye habari, kile kipande cha mwanzo ambacho maduka ya mtandaoni hukuachia usome kabla ya kulipa. Usikianze mwanzoni. Ukurasa wa kwanza umepigwa pasi mara arobaini, kila mwandishi anajua ndio unaotazamwa. Nenda mwisho wa kionjo, mahali mwandishi alipoanza kuchoka, utafute mazungumzo, uyasome kwa sauti. Ikiwa vampaya mwenye umri wa miaka mia tatu anaongea sawa na mwanafunzi wa sekondari aliye naye mezani, hakuna aliyekaa akajiuliza miaka mia tatu hufanya nini kwenye ulimi wa mtu.

Ukishavuka hapo, kagua sharti. Kila hadithi ya vampaya ina masharti yake, na mwandishi ana ruhusa ya kuyatunga apendavyo, kwa maana hakuna msahafu wa vampaya. Watu wengi hudhani jua limewaua tangu zamani za kale. Dracula wa Bram Stoker, aliyetoka mwaka 1897, anatembea London mchana kweupe. Mchana humpunguzia uwezo tu. Anayekufa kwa mwanga wa asubuhi ni Orlok, katika filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, Nosferatu, ambayo F. W. Murnau aliitengeneza juu ya hadithi ya Stoker bila ruhusa ya mjane wake. Mjane akaenda mahakamani, ikaamriwa nakala ziteketezwe. Chache zikanusurika, na sharti la jua likanusurika nazo, leo watu wanaliona la asili kuliko Stoker mwenyewe.

Kisha mwaka 2005 Stephenie Meyer akaleta Twilight, ambamo vampaya akipigwa na jua haungui bali ngozi inametameta. Walimwengu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu metameta ile ina kazi. Ndiyo iliyowafanya Edward, vampaya shujaa wa kitabu hicho, na nduguze waishi Forks, mji mdogo wa mvua na mawingu jimboni Washington, na ndiyo inayowafanya wasionekane shuleni siku jua likitoka. Sharti moja limechagua mji, likapanga ratiba, likampa msichana kitu cha kushangaa. Liwe la kale au la jana, sharti lina thamani pale linapomgharimu mtu.

Gharama kubwa kuliko zote nilizowahi kusoma iko kwa Anne Rice, Interview with the Vampire, ya mwaka 1976. Sharti lake kila mwandishi analo: aliyegeuzwa hubaki na umbo alilogeuzwa nalo. Wengi hulitumia kama kipodozi, shujaa abaki kijana milele na mashavu yake. Rice alimgeuza mtoto wa miaka mitano. Claudia anaishi miaka kwa makumi, akili inakuwa ya mwanamke mzima, mwili ni ule ule wa kuvalishwa marinda na kubebwa. Hawezi kupendwa kama mtu mzima na hawezi kumsamehe aliyemfanyia vile. Mwaka 1972 Rice mwenyewe alimzika binti yake wa miaka mitano, aliyeuawa na saratani ya damu. Sisemi mwandishi lazima afiwe ndipo aandike vizuri. Nasema sharti lile lilikuwa na uzito mikononi mwake kabla hajalipa wahusika.

Sasa tazama kitabu changu cha dola 3.99. Sura ya 3 shujaa anasema moyo wake ulisimama mwaka 1693. Sura ya 11 wamekumbatiana, msichana amelaza sikio kifuani pake, anausikia moyo ukienda mbio. Sura ya 14 shujaa ananyoa ndevu mbele ya kioo ambacho kwa mujibu wa sura ya 4 hakimwonyeshi. Na ananyoa nini? Mwili uliosimama tangu 1693 unaotesha ndevu za nini? Haya si makosa ya kalamu. Mwandishi alichukua masharti kama mtu anayenunua mapambo ya ukumbi: kioo kimoja, jeneza moja, waridi jekundu dazeni.

Nirudi mlangoni, maana hapo ndipo hadithi hizi hufa au huishi. Sharti la kukaribishwa Stoker analo, Profesa Van Helsing ndiye anayewaeleza wenzake: haingii mahali kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa watu wa nyumba amwite, akishaitwa ataingia atakavyo. Kabla yake, mwaka 1872, Sheridan Le Fanu alikuwa amelifanya jambo hilo hilo kwa ustadi wa kimyakimya katika Carmilla. Gari la farasi linapinduka karibu na ngome ya upweke huko Styria, binti mgeni amezimia, mama yake ana safari ya haraka. Hakuna anayelazimisha kuingia. Wenyeji wenyewe ndio wanaoomba mgonjwa abaki kwao. Msomaji anawatazama wakiomba.

Kwa msomaji wa Kiswahili hapa kuna utamu ambao sidhani kama Mmarekani anaupata. Sisi mlango tunaufungua kwa neno. Unapiga hodi, husikii jibu, unapiga ya pili, unapiga ya tatu, kisha unaondoka zako. Na anayevuka kizingiti bila kusikia karibu, hata awe shemeji, atasemwa mwezi mzima. Sasa mpe msichana neno hilo moja liwe ndiyo silaha yake pekee dhidi ya kiumbe mwenye nguvu za watu ishirini. Yeye yuko ndani, yule yuko barazani kwenye mvua, anaongea kwa upole, na usiku unakwenda. Mapenzi ya vampaya yaliyoandikwa vizuri ni karibu moja iliyocheleweshwa. Mwandishi anayejua kazi ataichelewesha sura sita, na itakapotamkwa utasikia kitasa kikizunguka.

Mwandishi wangu alikuwa na mlango huo mkononi akaenda kupitishia mtu dirishani. Najua alikoutoa mkao ule wa kitini: Edward wa Twilight naye huingia chumbani kwa Bella, msichana anayempenda, wakati binti huyo amelala, na wakosoaji wamemsema sana Meyer kwa hilo. Lakini Meyer hakuwa ameweka sharti la kukaribishwa. Ukiiga tukio la mtu, chukua na sakafu lililosimamia.

Cha kukagua baada ya mlango ni njaa, na hapa sina budi kuchepuka kidogo. Kwetu mnyonya damu hakuwahi kuwa mchumba. Kamusi za zamani zinaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama sandarusi, ya kutibu mifupa iliyovunjika na maumivu, na zinaongeza kuwa watu waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadaye neno likahama kutoka kwenye dawa likamshika mtu anayeitafuta. Enzi za ukoloni Nairobi, Kampala na kwingineko ziliwaogopa wazimamoto kwa hofu hiyo hiyo, na mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires. Mumiani wa utotoni mwangu alikuwa na gari na ndoo. Hakuwa na macho ya kijivu wala huzuni. Ukitoka kwa mumiani ukafika kwa shujaa wa mapenzi, unaingia na swali moja la kijijini: huyu, damu anaipata wapi?

Wazungu nao walikuwa na mumiani wao. Vampaya wa simulizi za vijiji vya Ulaya Mashariki alikuwa maiti aliyevimba, mwekundu usoni, mara nyingi jirani wa juzi tu. Aliyemvika suti na kumpeleka kwenye dhifa za mabwana ni John Polidori, daktari wa Lord Byron, katika hadithi fupi iliyochapishwa mwaka 1819, ambayo kwa bahati mbaya ilitoka kwa jina la Byron. Tangu siku hiyo kila vampaya mtanashati ana maiti ndani ya suti yake. Mwandishi hodari hakuachi uisahau. Kiu ya Edward kwa damu ya Bella ndiyo mtambo wa Twilight yote: anachokipenda ndicho anachotaka kukila, na kila wanapokaribiana lazima achague. Ondoa kiu hiyo, unabaki na wanafunzi wawili wa biolojia.

Kwenye kitabu changu damu ilikuwa kwenye friji. Mifuko imepangwa, imeandikwa tarehe, rafiki yake wa hospitali humletea. Katika kurasa mia nne shujaa hakuona njaa hata mara moja. Kutumia damu ya dukani si dhambi, Charlaine Harris ameitumia: katika Dead Until Dark ya mwaka 2001 damu ya kutengenezwa kiwandani ndiyo iliyowatoa vampaya mafichoni, na hadithi nzima ni vurugu za watu kuishi mtaa mmoja na walaji wao wa jana. Kwake chupa ilileta tatizo. Kwa mwandishi wangu friji ililiondoa.

Harris huyo huyo ananipa kipimo kingine, pengine kikali kuliko vyote: kwa nini huyu? Sookie ni mhudumu wa baa Louisiana, ana balaa la kusikia mawazo ya watu. Kila mwanaume anayeketi naye anamsikia anachomuwazia, na uchumba umemshinda. Anaingia vampaya Bill, na kichwani mwake kimya. Kimya kitupu. Kwa mara ya kwanza maishani anaketi na mtu na akili yake inapumzika. Ukisoma pale unaelewa kwa nini msichana mwenye akili timamu ampende maiti, na hakuna mwanaume mwingine wa mji ule anayeweza kuchukua nafasi yake. Ukikuta kitabu ambacho shujaa anaweza kubadilishwa na daktari wa meno mwenye mwili mzuri na hadithi isitikisike, kirudishe rafuni.

Tufike kwenye uhariri, jambo ambalo watu hulidhania kuwa ni kutafuta herufi zilizoanguka. Herufi zilizoanguka ni vumbi, unapangusa. Mhariri wa kwanza anayehitajika ni yule anayesoma akiwa na daftari: macho ya shujaa rangi gani, mama wa msichana yu hai, leo Jumanne au Alhamisi. Huyo ndiye angeuona mlango. Wa pili anapita sentensi kwa sentensi. Msoma prufu, kazi yangu mimi, ni wa mwisho, na huwezi kumwita kusafisha dari ya nyumba iliyopinda.

Kuna hila rahisi ambayo simu imetupa. Ukishanunua, fungua sehemu ya kutafuta neno, uandike neno linalohusu tabasamu, au macho, au pumzi. Mimi niliandika neno la kucheka upande mmoja wa mdomo. Mara 31. Mwanaume mmoja, kitabu kimoja. Na yule msichana alishusha pumzi ambayo hakujua ameizuia mara tisa, hata nikamwonea huruma mapafu yake. Mhariri wa sentensi angeacha moja.

Nisieleweke kuwa nadharau wanaojichapishia. Mwandishi Ben Mtobwa alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Heko, akatolea humo vitabu vyake mwenyewe, na kizazi kizima cha wasomaji wa Tanzania kilivipigania. Huko Minnesota, Amanda Hocking alianza mwaka 2010 kupandisha mtandaoni riwaya zake za vampaya, ikiwemo My Blood Approves, kwa bei ya soda. Katika muda usiofika mwaka mmoja aliuza zaidi ya nakala milioni 1, na Machi 2011 akasaini na St. Martin's Press mkataba wa zaidi ya dola milioni 2 kwa vitabu vinne. Watu walimshangaa, anajitegemea na anauza, anarudi kwa wachapishaji kufanya nini? Majibu yake mwenyewe yalikuwa wazi: alitaka muda wa kuandika badala ya kushinda kwenye barua pepe na majalada, na makosa yalizidi kuonekana vitabuni mwake hata alipolipa watu wayaondoe. Milioni ya nakala haikumwondolea haja ya mhariri. Wewe wa nakala mia mbili?

Urefu nao uutilie shaka. Tangu Julai 2015 mpango wa Amazon wa kusoma kwa ada ya mwezi huwalipa waandishi kwa kurasa zilizosomwa. Mwandishi akilipwa kwa kurasa, safari ya gari ya dakika kumi itapewa sura nzima. Si jambo geni. Varney the Vampire, kati ya 1845 na 1847, ilitolewa London kwa vipande vya peni moja, ikavutwa mpaka mhusika mwenyewe akajitupa ndani ya mlima Vesuvius. Na sisi tuliosoma hadithi za magazetini tunalijua neno "itaendelea". Lakini mwandishi wa gazeti alijua akilegea wiki moja, wiki ijayo utanunua gazeti lingine. Aliyeuza mfululizo wa vitabu sita kwa mpigo hana hofu hiyo. Pima hivi: chagua sura ya katikati, iruke, endelea. Ukikuta hujapotea, umeshajua.

Na mwisho wa kitabu? Wapenzi wa riwaya za mapenzi hudai wawili wabaki pamoja, ni haki yao, wameilipia. Ila kwa vampaya kuna hesabu ambayo lazima mtu ailipe: ama binti azeeke mbele ya mtu asiyezeeka, ama ageuzwe na kuacha jua, chakula, na siku moja kaburi la mama yake. Mwandishi wangu alimgeuza msichana ukurasa wa nne kutoka mwisho. Hakuumwa, hakulia, asubuhi aliamka nywele zikiwa zimeng'aa zaidi. Mama mtu hakutajwa tena. Nilitafuta kwa simu.

Binti wa kaka yangu hakubaliani na mimi hata kidogo, anasema nimesoma kama mwalimu. Ametuma kitabu cha pili cha mfululizo huo, na kwa kuwa ni zawadi nimekianza. Nimefika sura ya 3, vampaya mpya amefika nyumbani kwa watu usiku, na hajapiga hodi.